Kivuli cha buluu kwenye uchochoro wa Igogo: nimekosea wapi?

Mkazi wa Igogo ameuliza:

Salaam kwenu wachoraji na wapenda sanaa wa Kanda ya Ziwa. Swali langu linahusu kivuli, na naomba mnivumilie kwa maelezo marefu kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kalenda kuukuu yenye picha za wachoraji wa Ufaransa, na kurasa zake zote zimekwisha kutumika kufungia vitu isipokuwa mmoja. Ukurasa huo una mchoro wa Alfred Sisley uitwao La Neige à Louveciennes, alioufanya mwaka 1878. Hakuna tukio lolote humo. Ni njia nyembamba ya kijiji iliyolaliwa na theluji, kuta za bustani, miti isiyo na majani, anga zito, na mtu mmoja aliyevaa nguo za giza anayeonekana kwa mbali, mdogo kama punje ya mchele. Sijawahi kuona theluji maishani mwangu. Ninachokijua mimi ni barafu inayomwagwa juu ya sangara pale soko la samaki la Mwaloni, hapa Mwanza. Hata hivyo, kila nikiutazama ukurasa ule nasikia ukimya wake, na ukimya huo naufahamu, kwa sababu uchochoro wetu huwa hivyo hivyo Jumamosi mchana, majirani wengi wanapokuwa wamekwenda kanisani na watoto wao.

Basi Jumamosi iliyopita nilichukua hadibodi niliyoipaka rangi nyeupe, nikakaa kwenye kigoda mlangoni saa saba mchana, nikauchora uchochoro huo kwa rangi za akriliki: udongo mwekundu, kuta za tofali za kuchoma, mapaa ya bati, na yale mawe makubwa yaliyo juu ya nyumba zetu, ambayo kila mgeni wa Mwanza huuliza kama hayataporomoka. Nilikuwa nimesoma kwamba wachoraji wa kundi la Sisley hawakupaka vivuli kwa nyeusi wala kahawia, walivipaka buluu. Nami nikakipaka buluu kivuli cha mapaa kilichoangukia udongo, buluu ileile niliyoiona kwenye ukurasa wangu.

Jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza maandazi asubuhi, alirudi kutoka ibadani akasimama nyuma yangu. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: “Mwanangu, hilo bomba limepasuka lini?”

Hakuwa akitania. Alichokiona pale ni maji yaliyotuama, na tangu aseme hivyo nami sioni kingine. Naomba mnieleze: kwa nini buluu ile inatulia kwenye theluji ya Sisley, lakini kwenye udongo wa Igogo inakuwa dimbwi? Tatizo ni rangi za akriliki, ni jua letu, au ni jicho langu?

Mwalimu wa Rangi, Nyegezi, amejibu:

Ndugu Mkazi, jirani yako ana jicho zuri kuliko wengi tunaojiita wahakiki. Nitajaribu kukujibu kwa kuanza na jua, kwa kuwa ndilo lililokuponza kwanza.

Louveciennes ni kijiji kilichoko magharibi ya Paris, karibu nyuzi 49 kaskazini ya ikweta. Katika siku fupi kabisa za majira ya baridi, jua la huko adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 18 hivi kutoka upeo wa macho, na kivuli cha mtu huwa kirefu mara tatu ya kimo chake hata mchana kweupe. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Na kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi, jua la Mwanza hufika katikati ya anga kwenye saa saba kasorobo, siyo saa sita kamili. Wewe ulikaa chini kuchora saa saba, yaani katika saa ambayo kivuli hujikunja chini ya ukingo wa bati na kila kitu kingine kinaungua kwa mwanga. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, nguzo ya umeme hukaribia kukosa kivuli kabisa saa hiyo. Hakuna saa ngumu kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kuchora utulivu.

Jambo la pili ndilo kubwa, nalo ni hili: katika mchoro unaoupenda hakuna jua. Utazame tena. Anga ni zito, na mwanga unashuka kutoka kila upande wa mawingu, kwa hiyo hakuna kivuli kilichokatwa kwa kisu kama kile cha ukingo wa bati lako. Rangi ya ubaridi unayoiona imetandazwa juu ya theluji yote, haijachora umbo la kitu kilichozuia jua. Wewe umechukua rangi za siku ya mawingu ukazitia ndani ya umbo la kivuli cha jua kali. Kama ulitaka kivuli cha buluu chenye umbo, ungemtazama Claude Monet katika mchoro wake wa La Pie, alioufanya kati ya 1868 na 1869, ambamo uzio wenye ndege mmoja juu ya kilango unaangusha vivuli vya buluu kwenye theluji inayong'aa jua. Mchoro huo ulikataliwa kwenye maonyesho rasmi ya Paris ya mwaka 1869, miaka mitano kabla kundi lao halijafanya maonyesho yake lenyewe mwaka 1874 na kupachikwa jina la dhihaka la Waimpreshonisti.

Sasa tuje kwenye udongo. Kivuli si mahali pasipo na mwanga. Ni mahali ambapo jua limezuiwa lakini anga bado linamulika, na anga likiwa safi bila wingu mwanga wake ni wa samawati. Theluji hurudisha karibu mwanga wote inaoupokea bila kuchagua rangi, kwa hiyo samawati ikiiangukia, samawati ndiyo inayorudi machoni. Udongo mwekundu ni mchoyo. Unaonekana mwekundu kwa sababu unameza buluu na kurudisha wekundu, na kwa hiyo samawati ya anga ikiuangukia kivulini, sehemu kubwa inamezwa papo hapo. Kinachobaki ni wekundu uliofifia, kahawia yenye uzambarau kidogo, kama rangi ya bitiruti iliyokauka kwenye kitambaa. Wewe umeupa udongo rangi ambayo udongo hauwezi kuirudisha, na jicho la jirani yako likatafuta kitu gani pale chini kingeweza kurudisha anga namna hiyo. Kiko kimoja tu, nacho ni maji.

Iangalie sasa sehemu nyingine ya mchoro wako. Mawe yetu ni ya kijivu, na bati ni kijivu linalong'aa. Hivyo ndivyo vitu vya Mwanza vinavyokaribia tabia ya theluji. Nenda asubuhi ukatazame ubavu wa jiwe ulio kivulini, kisha tazama udongo ulio chini ya jiwe hilohilo. Buluu yote unayoitafuta iko juu ya jiwe, na chini yake hutaiona. Halafu tazama ukuta wa tofali ulio mkabala na udongo unaopigwa na jua, utaona sehemu yake ya chini imepata joto la chungwa linalotoka ardhini, ingawa ukuta wenyewe uko kivulini. Hilo Sisley hakulipata kwenye theluji, na ni mali yetu.

Kwa jicho, lipo pia suala la ujirani wa rangi. Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia idara ya kutia rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins huko Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana zimepauka. Alizichunguza akaona nyuzi hazina kasoro. Zilipauka machoni kwa sababu ya rangi zilizosukwa kando yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839. Muuza vitenge yeyote wa Makoroboi analijua jambo hili bila kitabu: kijani ukikilaza juu ya chekundu, vyote viwili vinapiga kelele. Buluu yako, ikilala kando ya udongo ulio karibu na chungwa, iliongezewa sauti mara mbili. Kwa hiyo hata kahawia yenye uzambarau itaonekana ya buluu kuliko ilivyo. Ipake ikiwa imekufa kidogo kwenye sahani, na itafufuka yenyewe kwenye ubao.

Mwisho, shika kanuni hii: Waimpreshonisti hawakutumia nyeusi hata kidogo, nawe ifiche kabisa.

Mzee wa Kirumba amejibu:

Nimesoma yote, na ninamheshimu Mwalimu, lakini naomba niseme linalonikera. Kijana anaishi chini ya mawe ya Igogo, anasikia ndege wa ziwani kila asubuhi, halafu anauchora uchochoro wake kwa macho ya mtu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi mwaka 1878. Sisi tulikuwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ambaye alichukua rangi ya kung'aa ya mafuta na vipande vya hadibodi akachora wanyama bila kuomba ruhusa ya kivuli cha mtu yeyote. Chui wake hana kivuli chini ya miguu na hakuna aliyeuliza bomba limepasuka lini.

Hata hivyo nakiri kwamba ukimya wa uchochoro Tingatinga hakuuchora, na sijui kama mtindo wake ungeuweza. Kama lengo lako ni ukimya, nakupa ushauri wa mtu aliyeuza samaki miaka thelathini. Uchochoro wa Mwanza hauko kimya kwa sababu watu hawapo. Uko kimya kwa sababu wamepita muda si mrefu. Kuna ndoo iliyoachwa mlangoni, kandambili moja iliyopinduka, jiko la mkaa linalomalizia kufuka. Ukichora udongo na kuta tupu utapata mtaa uliohamwa, na hilo ni jambo jingine kabisa, na ni baya.

Binti wa Ukerewe amejibu:

Shikamoo Mzee wa Kirumba, na shikamoo Mwalimu. Nilibahatika kusoma Paris kwa miaka miwili, na mchoro anaouzungumzia ndugu yetu uko katika makumbusho ya Orsay, ambako nilikuwa naingia siku za kiingilio cha bure kwa sababu zisizo za kisanaa: kulikuwa na joto.

Kwanza ni udogo wake. Una kimo cha sentimita 61 na upana wa sentimita 50 na nusu, yaani dirisha moja dogo la chumba cha kupanga. Ukiusogelea, yule mtu wa mbali anapotea. Yanabaki mapigo machache ya brashi yenye rangi ya giza, na huwezi kusema mkono uko wapi wala kichwa kinaishia wapi. Ukirudi nyuma hatua nne anarudi yeye pamoja na baridi yake. Mzee anasema kweli kuhusu ndoo. Yule mtu ndiye ndoo ya Sisley; mfunike kwa kidole chako, uone jinsi njia nzima inavyopoteza urefu wake.

Pili, Mwalimu, uniwie radhi, lakini kanuni ya nyeusi umeikaza kupita kiasi. Katika maonyesho yaleyale ya 1874 Pierre-Auguste Renoir alileta La Loge, na gauni la mwanamke aliyekaa mbele humo lina mistari myeupe na myeusi ambayo hakuna mtu anayeweza kuipita bila kuiona. Walichokiacha wengi wao ni desturi ya kuchukua rangi ya kitu na kuitia weusi ili kupata kivuli chake. Tofauti ni kubwa, kwa sababu kijana akiificha nyeusi kabisa atachoraje mlango wa nyumba ya Igogo uliofunguliwa mchana? Ndani mle ni kweusi kweli.

Tatu, nina swali kwa muulizaji, nalo huenda likaonekana la ajabu. Ukurasa wako wa kalenda uliutundika wapi? Wino wa uchapaji una tabia zake. Ukikaa juani miaka mingi, wa manjano na ule wa waridi kwa kawaida hufifia kwanza, na unaobaki ni wa buluu na mweusi. Mabango ya vinyozi ya zamani yote yana sura za buluu kwa sababu hiyo, na wanyolewa wenyewe hawakuwa hivyo. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya buluu uliyoifuata kwa uaminifu ni kazi ya jua la Igogo, na Sisley hahusiki.

Niongeze moja kuhusu mtu huyu, kwa kuwa watu humtaja Monet wakamsahau yeye. Alizaliwa Paris mwaka 1839 kwa wazazi Waingereza, biashara ya baba yake ikaangamia na vita vya 1870 na 1871, na tangu hapo aliishi kwa kuuza michoro ambayo haikununuliwa ipasavyo. Mwaka 1876 mto Seine ulipofurika alichora nyumba ya mvinyo iliyozingirwa na maji huko Port-Marly, akauuza mchoro huo kwa faranga 180. Alifariki Januari 1899 akiwa fukara. Machi 1900 mchoro huohuo ukanunuliwa kwa faranga 43,000. Kila ninapopita karibu na nyumba za ufukweni zilizoingiliwa na ziwa, kama zilivyoingiliwa nyingi maji yalipopanda mwaka 2020, naukumbuka: nyumba imesimama majini kwa adabu, mashua inapita mahali palipokuwa barabara, na karibu nusu ya mchoro ni anga. Yeye mwenyewe alikuwa akianza kuchora kutoka angani. Wewe, ndugu yangu, umetueleza udongo, kuta, bati na mawe, lakini hukutuambia neno moja juu ya anga ulilolichora.

Fundi Mabango, Igoma, amejibu:

Naongeza la ufundi tu. Akriliki juani saa saba inakauka kabla hujapeleka brashi mara ya pili, kwa hiyo kila kingo inabaki kali kama ya bango langu la duka. Rangi ya mafuta inabaki mbichi kwa siku kadhaa, na ndiyo maana wale wazungu waliweza kuilaza rangi moja juu ya nyingine zikachanganyika palepale. Mirija ya bati ya kubebea rangi hizo ilikuwapo tangu mwaka 1841, ndiyo iliyowawezesha kutoka nje na kazi yao. Kama huna uwezo wa kununua za mafuta, weka kitambaa chenye maji chini ya rangi zako kwenye sahani, na uwe na chupa ya kunyunyizia kama ya kinyozi. Halafu kaa kivulini wewe mwenyewe. Ukichora huku ubao unapigwa na jua, kila rangi utaitia giza kupita kiasi, na ukiingia nayo ndani itakuwa usiku.

Mkazi wa Igogo amejibu:

Wakubwa zangu, shikamooni, na nyote asanteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa na kitu mkononi.

Nianze na Binti wa Ukerewe. Ukurasa ulikuwa umetundikwa mkabala na dirisha kwa miaka sita. Nilibandua selotepu ya karatasi iliyokuwa imeshikilia pembe mbili za juu, na chini yake nikakuta kipande cha anga ambacho sikuwahi kukiona: kijivu chenye joto, karibu na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Kipande kilichokuwa nje ya selotepu, upana wa ukucha tu kutoka hapo, ni cha buluu. Nilikaa kitandani nimeushika ule ukurasa nisijue nicheke au nifanyeje. Nimekuwa nikijifunza kwa jua letu wakati wote huo nikidhani nafundishwa na Mfaransa.

Nimeuchora uchochoro upya mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya mawingu, saa moja na nusu, baada ya ile mvua ya radi iliyotoka ziwani alfajiri. Nilianza na anga. Hakukuwa na kivuli chenye umbo hata kimoja, udongo ulikuwa umelowa na kuwa mweusi mweusi wenye wekundu, na bati lilikuwa jeupe kuliko anga lenyewe, jambo ambalo nisingeliamini kama nisingekuwa nalitazama. Mchoro huo umetulia lakini una huzuni ambayo sikuikusudia. Mara ya pili nilikaa saa kumi na moja jioni, chini ya mwembe, na chupa ya kinyozi pembeni. Kivuli cha nyumba ya jirani kilikuwa kimevuka uchochoro mzima na kuanza kupanda ukuta wa pili. Nilikipaka kahawia yenye uzambarau, ikiwa imekufa kwenye sahani kama alivyoagiza Mwalimu, na kweli ilifufuka. Buluu niliitia mahali pawili pekee, kwenye ubavu wa jiwe kubwa na kwenye bati la choo. Mlango wa jirani nimeupaka nyeusi, Mwalimu anisamehe.

Saa hiyo nilikuwa na kama dakika arobaini tu kabla kivuli hakijameza kila kitu, na kingo za akriliki bado ni kali, hasa pale kivuli kinapokata ukuta. Hilo sijaliweza.

Jana nilimwonyesha yule mama. Safari hii hakuuliza habari za bomba. Aliweka kidole juu ya mlango akasema, “Hapa ni kwangu,” kisha akakunja uso na kutaka kujua ndoo yake ya bluu iko wapi, kwa kuwa haiondoki pale mlangoni kamwe. Nikamweleza kwamba nilikuwa nimeogopa kuitia buluu nyingine chini. Akasema ndoo ni ya bluu, nifanye nini sasa. Nimeiongeza leo asubuhi kwa mapigo matatu ya brashi, kivuli chake kikiwa kwenye udongo, kahawia.